Kuchagua Toleo la Tamthiliya kwa Darasa la Chuo

Mhadhiri akishaandika katika muhtasari wa kozi kwamba muhula huu darasa litasoma Macbeth, Mfalme Edipode na Kinjeketile, wengi hudhani kazi ya kuchagua imekwisha. Kwangu mimi hapo ndipo inapoanza. Nimefundisha tamthiliya kwa miaka mingi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, kwa wanafunzi ambao wengi wao wanaandaliwa kuwa walimu wa sekondari na wachache wanalitaka jukwaa lenyewe, na jambo ninaloliamini kuliko yote niliyojifunza katika kazi hii ni kwamba jina la tamthiliya peke yake halilielezi darasa litasoma nini. Kati ya mwandishi aliyekufa zamani na msomaji anayeishi Kimara yupo mhariri, mara nyingi yupo mfasiri, yupo mchapaji, na siku hizi yupo pia mtu asiyejulikana aliyepiga picha kurasa za kitabu na kuzipandisha mtandaoni. Kila mmoja wao ameamua jambo fulani, na maamuzi yao yote huingia darasani yakiwa yamevaa jina la Shakespeare au la Sophocles.

Anayetaka kuelewa tatizo hili lilivyo hapa kwetu aanze na namna wanafunzi wanavyopata vitabu. Muhula unapofunguliwa bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, mara nyingi halijaingia, na hata likiingia, kodi ya chumba na nauli hutangulia mbele ya Shakespeare. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja anakuja na nakala aliyoiokota kwa wauza vitabu wa kando ya njia pale Posta, kitabu kilichochapwa kwa ajili ya shule za Uingereza zamani, chenye jina la mwanafunzi wa kwanza limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye jalada la ndani. Mwingine ana faili kwenye simu. Mwingine amerithi desa kutoka kwa kaka yake aliyesoma kozi hiyohiyo, na ndani ya desa hilo tamthiliya yenyewe haimo kabisa, uchambuzi tu. Waliobaki wanakwenda steshenari iliyo nje ya geti, ambako mwenye duka ana nakala kuu ya kila kitabu kinachofundishwa chuoni na, nasema hili kwa heshima, wakati mwingine anaujua mtaala wetu kuliko idara yenyewe.

Siku ya kwanza ya kusoma pamoja nikisema, "Fungueni ukurasa wa arobaini na saba," darasa zima linapekua na hakuna wawili waliofika mahali pamoja. Dawa inayojulikana ni kutaja tendo, onyesho na mstari badala ya ukurasa, na dawa hiyo inafaa sana pale ambapo wahusika wanasema kwa ushairi, kwa kuwa mstari wa ushairi ni uleule katika kila kitabu. Haifai sana kwenye nathari. Onyesho la tatu la tendo la pili katika Macbeth, lile la bawabu mlevi anayejifanya mlinzi wa mlango wa jehanamu, limeandikwa kwa nathari, na mistari ya nathari hufuata upana wa ukurasa wa mchapaji. Kitabu chenye kurasa nyembamba kitakuwa na mistari mingi kuliko chenye kurasa pana, na kuanzia hapo namba za onyesho zima zinaachana. Mwanafunzi anayenukuu kwa uangalifu kabisa anaonekana kana kwamba amekosea.

Onyesho hilo la bawabu lina jambo jingine. Bawabu anamweleza Macduff mambo ambayo pombe humfanyia mwanamume, kwamba humpandisha hamu na kumnyang'anya uwezo, na ndiyo maana matoleo mengi ya zamani ya shule yaliyafuta maneno hayo kimyakimya. Desturi hiyo ya kusafisha ina historia ndefu: mwaka 1807 ilitoka The Family Shakespeare ya ukoo wa Bowdler, na mwaka 1818 ikapanuliwa na kuhusisha tamthiliya zote za Folio, yaani mkusanyo wa kale wa tamthiliya za Shakespeare, ikiwa imeondolewa kila neno ambalo baba wa Kiingereza angeona haya kulisoma mbele ya mabinti zake. Vitabu vya aina hiyo vilisafiri na shule za kikoloni, na vingine bado vimo mikononi mwa wauza vitabu wetu. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa na nakala ya namna hiyo alisikiliza wenzake wakicheka, akapitisha kidole kwenye ukurasa wake juu na chini, kisha akauliza, "Mwalimu, mimi mbona bawabu wangu ni mtu wa dini?" Kufuta si lalamiko langu la kwanza dhidi ya vitabu hivyo. Kosa ni kwamba vimefuta bila kusema, msomaji asijue hata kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Kwa sababu hiyo, ninapopima toleo sasa ninatazama kwanza kama mhariri anaonyesha mkono wake, yaani kama ninaweza kutofautisha kilichomo katika chapa ya awali na kilichoongezwa au kuhamishwa na yeye. Hili linaonekana kama jambo la wataalamu wa maktaba, ilhali uigizaji wenyewe unalitegemea. Macbeth haikuchapwa kabla ya mwaka 1623, ilipoingia katika Folio ya Kwanza, kitabu kikubwa cha tamthiliya 36 kilichokusanywa na waigizaji wenzake Shakespeare, John Heminges na Henry Condell, miaka saba baada ya kifo chake. Hatuna chapa nyingine ya kale ya kulinganisha nayo. Ungetarajia basi kwamba matoleo yote yafanane, na hayafanani.

Chukua onyesho la karamu. Katika Folio, Lady Macbeth anamkumbusha mumewe kwamba mwenyeji asiyewachangamkia wageni wake ni kama anawauzia chakula, na mara tu anapomaliza, maelekezo ya jukwaani yanasema kwamba mzuka wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth ameagiza auawe, unaingia na kuketi mahali pa Macbeth. Macbeth hajauona. Anamshukuru mkewe, anawatakia wageni hamu nzuri na afya, Lennox anamwomba aketi, naye, badala ya kuketi, anaanza kusikitika kwa unafiki kwamba Banquo hayupo. Ross anamkaribisha tena. Anajibu kwamba meza imejaa. Lennox anamwonyesha kiti kilichowekwa kwa ajili yake, Macbeth anauliza kiko wapi, na hapo ndipo anapouona mzuka. Wahariri kadhaa waliona haipendezi mzuka uketi muda wote huo bila kazi, wakayasogeza maelekezo hayo mistari kadhaa chini, karibu na mahali Macbeth anapomtaja Banquo, ili kumtaja na kutokea viende pamoja.

Tuliyajaribu yote mawili darasani, mchana wa joto, feni ikizungusha hewa ileile, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa kuzunguka meza mbili zilizounganishwa. Katika jaribio la kwanza tulifuata nakala zilizosogeza: Macbeth akataja jina, mzuka ukaingia, darasa likashtuka kidogo, basi. Katika jaribio la pili tulifuata Folio. Kijana aliyecheza mzuka hakuvaa chochote cha ajabu, aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na mkoba wake wa kawaida, akaketi. Macbeth, ambaye alikuwa amempa mgongo, akaendelea kuzungumza kwa uchangamfu mwingi. Kadiri alivyoendelea ndivyo wenzake walivyonyamaza, na mmoja akashindwa kujizuia akasema, "Sasa tunajua kitu ambacho mwenye karamu hakijui." Hakuna mhadhara ningeuandaa ambao ungewafikisha hapo. Lakini zoezi lile liliwezekana tu kwa sababu nilikuwa na toleo ambalo mhariri wake ameeleza chini ya ukurasa kwamba maelekezo yale yamehamishwa na yalikuwa wapi. Waliokuwa na nakala za bei nafuu zisizo na maelezo wasingeweza kujua kwamba kuna uchaguzi.

Hapo mtu ataniambia, basi wanunulie Arden, yale matoleo ya Shakespeare yenye maelezo marefu ya kitaalamu. Ninayo Arden ya mfululizo wa tatu kwa tamthiliya kadhaa na siandai kipindi bila kuifungua. Kwa kazi ya mhadhiri sijui kilicho bora. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, kuna kurasa katika vitabu hivyo ambamo mistari michache ya tamthiliya inaelea juu ya bahari ya tanbihi za herufi ndogo, na nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi mwenye bidii ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa anadhani ni wajibu wake kusoma kila tanbihi kabla ya kwenda mstari unaofuata. Anafika kwenye mauaji ya Duncan akiwa amechoka. Toleo la Hamlet la mfululizo huo, lililotoka mwaka 2006, liligawa kazi katika juzuu mbili, ya kwanza ikiwa na matini ya kwarto (chapa ndogo ya kale ya tamthiliya moja) ya pili na nyingine ikiwa na kwarto ya kwanza pamoja na Folio. Kwa mtafiti ni neema. Kwa darasa linalotafuta kitabu kimoja cha kubeba kwenye daladala, haifai, na hakuna aibu kulisema hilo.

Kinyume chake ni matoleo yenye Kiingereza cha kisasa kwenye ukurasa wa mkabala. Wanafunzi wanayapenda na ninaelewa kwa nini. Nimeyakataa hata hivyo katika kozi yangu, kwa sababu jicho hufuata njia rahisi: ndani ya wiki mbili ukurasa wa Shakespeare unakuwa pambo na darasa linasoma mukhtasari uliokatwa vipandevipande. Anayetaka kupata maana kwa haraka ni afadhali asome muhtasari wa kurasa mbili, kisha arudi kwenye matini akiwa na nguvu.

Nilikotulia ni kwenye mtindo wa matoleo ya Folger, ambayo huweka matini upande wa kulia na maelezo mafupi upande wa kushoto, neno kwa neno, pamoja na ufupisho wa kila onyesho. Maelezo yako pale ukiyataka, na usipoyataka hayakuzuii. Wahariri wake, Barbara Mowat na Paul Werstine, wanatumia mabano ya aina tofauti kuonyesha sehemu zilizotoka katika chapa moja tu ya kale na zile walizoongeza wao wenyewe, kwa hiyo hata mwanafunzi wa simu anaweza kuuona mkono wa mhariri. Na simu ndiyo iliyoniamulia, nikubali. Maktaba ya Folger imeweka matini zake mtandaoni bure, zikiwa na namba za mistari, ingawa maelezo ya ukurasa wa kushoto hayamo humo. Kwa hiyo aliyenunua kitabu, aliyetoa kopi, na aliyepakua kwenye simu akiwa amekaa kwenye kimbweta wote wanaufikia mstari uleule. Faida hiyo, kwa darasa kubwa, inazidi ubora wa dibaji yoyote.

Suala la chapa mbili linakuwa zito zaidi kwa King Lear. Kwarto ya mwaka 1608 ina takriban mistari 300 ambayo haimo katika Folio, na Folio ina takriban 100 ambayo haimo katika kwarto. Onyesho ambalo mfalme aliyerukwa na akili anawashitaki binti zake wasiokuwepo, kwa kuwahutubia viti vitupu, limo katika kwarto tu. Hotuba ya mwisho ya tamthiliya, kwarto inampa Albany na Folio inampa Edgar. Hilo la mwisho wanafunzi wangu hulishika upesi, maana kwetu anayesimama kusema mwishoni mwa msiba si mtu yeyote tu. Akisema mkwe ni habari moja, akisema kijana aliyeteswa na kuvumilia ni habari nyingine, na kila mmoja anajua nani atafuata kuongoza. Kwa karne nyingi wahariri walizichanganya chapa hizo mbili wakapata Lear moja ndefu ambayo huenda haikuwahi kuigizwa hivyo. Mwaka 1986 wahariri wa Oxford walizichapa kando kando kama tamthiliya mbili. Mimi bado nafundisha matini iliyochanganywa, ile yenye mabano, na ninawaachia wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotaka kuigiza waamue wakate wapi. Nimegundua kwamba mtu akishalazimika kukata, anasoma kwa makini ambayo mtihani haumletei.

Wagiriki walinipa taabu ya namna tofauti, kwa kuwa huko kila kitu ni tafsiri. Mfalme Edipode inapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza cha F. Storr cha mwaka 1912, na ndiyo inayowafikia wanafunzi wengi kwanza, wakadhani Sophocles alizungumza kama mhubiri wa enzi za Malkia Victoria. Tafsiri ya Robert Fagles inatamkika vizuri zaidi, nayo huweka juu ya kila ukurasa namba za mistari ya Kigiriki pamoja na namba zake yenyewe kando, jambo linalomwokoa anayetaka kulinganisha. Lakini kwa darasa hili ninaanza na Mfalme Edipode, tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi ya mwaka 1971, kisha Kiingereza, kisha The Gods Are Not to Blame ya Ola Rotimi, iliyoigizwa kwanza mwaka 1968 na kuuhamishia mkasa ule Uyorubani. Kwa mpangilio huo, kiitikio, lile kundi la waimbaji linalowajibu wahusika, hakiwi kikwazo tena. Darasa lililokua likisikia watu wakipokezana wimbo kwenye ngoma na kwenye msiba halihitaji kuelezwa kazi ya kundi linalojibu.

Lililonichukua muda mrefu zaidi kulifikiria ni An Enemy of the People ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norwe, na hapa ninataka kukaa kidogo. Wanafunzi wengi wanafika chuoni wakiwa wameisoma kidato cha tano na cha sita, wanaijua hadithi: daktari Stockmann anagundua kwamba maji ya mabafu ya tiba ya mji wake yana vijidudu, kaka yake ambaye ni mkuu wa mji anataka jambo lifichwe kwa ajili ya biashara, na daktari anaishia kutengwa na umma. Nilipokuwa ninaongoza mjadala juu ya hotuba ya mkutano wa hadhara, nusu ya darasa ilikuwa inamtetea daktari kama shujaa wa ukweli, nusu nyingine inamwona mtu wa dharau anayewafananisha watu wa kawaida na mbwa koko. Walibishana kwa ukali, kila upande ukisema mwingine hajasoma. Wote walikuwa wamesoma. Wa kwanza walikuwa na kitabu cha Arthur Miller, wa pili walikuwa na tafsiri ya Ibsen.

Ibsen aliiandika mwaka 1882 katika matendo matano, na kwenye tendo la nne daktari anatoa hoja ndefu juu ya mbwa wa ukoo bora na mbwa wa mtaani, akidai kwamba ndivyo ilivyo kwa binadamu pia. Miller aliiandika upya mwaka 1950 kwa ajili ya jukwaa la Marekani, katika kipindi ambacho watu walikuwa wanahojiwa na serikali kwa itikadi zao, akaifanya matendo matatu. Alieleza katika dibaji yake kwamba aliondoa hoja ambazo aliamini Ibsen mwenyewe angeziondoa lau angekuwa hai. Baada ya kile ambacho nadharia za ukoo bora zilikuwa zimefanya Ulaya, mtu anaelewa. Lakini Stockmann wa Miller ni mtu safi kuliko wa Ibsen, na tamthiliya yenye shujaa safi inauliza swali jepesi zaidi. Majalada ya vitabu hivyo yana jina lilelile kwa herufi kubwa, na jina la Miller kwenye nakala za kutoa kopi mara nyingi limekatika kwa sababu aliyekopi aliruka ukurasa wa kwanza ili kuokoa karatasi.

Tangu hapo nimekuwa nikipanga vyote viwili makusudi. Ninagawa tendo la nne la tafsiri na sehemu inayolingana nayo kwa Miller, ninawaacha wayasome kwa sauti, wasimame juu ya kiti kama daktari alivyosimama mbele ya umati. Walimu watarajiwa wanapaswa kujua kwamba watakapokuwa Tandahimba au Sumbawanga, na kabati la shule lina nakala saba zilizochanganyika, hawatakuwa na anayewaambia kwamba saba hizo ni tamthiliya mbili. Mfano wa A Doll's House ninaupitia haraka kwa sababu hauhitaji nguvu: iliandikwa mwaka 1879, na mwaka 1880 Ibsen mwenyewe, akihofia watu wengine wangeuharibu mwisho wake, aliandika kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani mwisho ambao Nora anawatazama watoto wake akashindwa kuondoka. Aliuita mwisho huo ukatili dhidi ya tamthiliya yake. Toleo zuri huuweka kwenye kiambatisho. Darasa langu kila mwaka huwa na mtu anayeona mwisho huo wa pili ndio sahihi, na kila mwaka si mwanamume peke yake.

Kuhusu Kiswahili nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Wao wanaziona tafsiri za Nyerere na za Mushi kama mkongojo wa mwanafunzi asiyejiweza kwa Kiingereza, kitu cha kufichwa chini ya dawati. Mimi ninazipanga kama matoleo kamili, kwa sababu mfasiri hufanya kila anachofanya mhariri na zaidi: lazima aamue nani anazungumza na nani, kwa heshima gani, na mstari unaishia wapi. Nyerere alitoa Julius Caezar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule uliotoka Mabepari wa Venisi. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Ukizingatia kwamba rais wa nchi changa alikaa usiku akitafsiri ushairi usio na vina, halafu akarudi kuusahihisha, una somo zima la uhariri mkononi, na nimewahi kuwapa wanafunzi hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari katika chapa zote mbili wazifuatilie mstari kwa mstari. Walifanya kazi hiyo kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona walipokuwa wanalinganisha kwarto na Folio. Lugha ni yao, kwa hiyo walikuwa na maoni.

Tatizo ni kuzipata. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi huonekana madukani mara moja moja; Makbeth ya Mushi ni ya kuwinda. Na hapa ndipo urahisi wa steshenari unapogongana na sheria. Shakespeare hana tena hakimiliki, mtu yeyote anaweza kumchapa. Tafsiri ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Nyerere alifariki Oktoba 1999, kwa hiyo hesabu yake mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Ninawaambia wanafunzi hivyo, na ninawaambia pia kwamba nakala ya maktaba inayosomwa kwa zamu ina uhalali kuliko vitabu arobaini vilivyofungwa kwa spairo. Mkutubi wetu amenisaidia kuweka nakala chache kwenye dawati la akiba, za kusomea humohumo kwa saa mbili. Wanaohitaji zaidi ninawaelekeza Maktaba Kuu ya Taifa iliyoko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, safari ya mwendokasi tu kutoka Ubungo.

Kinjeketile haina shida hiyo, imechapwa na kuchapwa tena, na karibu kila nyumba yenye mwanafunzi ina nakala. Shida yake ni ya idara. Ebrahim Hussein aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1969 na akaifasiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka uliofuata, na kozi yangu inafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kanuni inanitaka nipange kitabu cha 1970. Ninakipanga, kina utangulizi ambamo mwandishi anatahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Ila ninataka kila mmoja awe na Kiswahili chake kando, na tunapofika mahali Kinjeketile anapopandwa na pepo tunasoma Kiswahili, hata mkaguzi wa ubora akiwa amekaa nyuma ya darasa. Amewahi kukaa. Aliandika kwenye fomu yake kwamba lugha ya kufundishia ilikiukwa kwa dakika kadhaa, kisha baada ya kipindi akaazima kitabu changu.

Kilichobaki ni mtihani, na huko nimelazimika kuwa na kanuni zilizoandikwa. Sikatai toleo lolote, hata la kopi, hata la simu. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi ataje kwenye mstari wa kwanza wa jibu lake ametumia tafsiri ya nani au imehaririwa na nani, na anukuu kwa tendo, onyesho na mstari. Akiwa na faili lisilo na jina la mfasiri, aandike hivyo: matini ya mtandaoni, mfasiri hakutajwa. Hapotezi alama. Kwa An Enemy of the People peke yake nimekaza zaidi, kwa sababu jibu linaweza kuwa sahihi kabisa kwa kitabu kimoja na kosa tupu kwa kingine. Asiyesema kama ni Ibsen au Miller namrudishia karatasi aseme, kisha ndipo ninasahihisha.